OutRun 2: toleo lipi uchukue leo, na kona zake zinavyoendeshwa

Namba 2 iliyo kwenye jina la gemu hii ya magari inapotosha. Kati ya Out Run ya 1986 na OutRun 2 ya 2003, Sega walishatoa ndugu kadhaa. Kulikuwa na Turbo OutRun ya 1989, iliyogeuza matembezi kuwa mbio za kutoka New York hadi Los Angeles, kisha ikaja OutRunners mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyorundika magari na kuwakutanisha wachezaji. Zote zilipita. Hii ya 2003, iliyotoka kwa AM2, kikosi cha watengenezaji gemu wa Sega, chini ya Yu Suzuki, yuleyule aliyebuni ya kwanza, ndiyo iliyostahili namba. Nayo haikupata hadhi hiyo kwa kuongeza mambo mengi. Ilichukua jambo moja, namna gari linavyoserereka kwenye kona, ikalifanyia kazi mpaka likabeba gemu nzima.

Mifupa ni ileile ya zamani. Unachagua gari, unachagua wimbo, unakaa na abiria pembeni, saa inahesabu kurudi nyuma, na kila ukifika kituo unaongezewa sekunde. Hatua ziko 15 lakini safari moja ina 5 tu, kwa sababu kila mwisho wa hatua kuna njia panda. Unaanzia Palm Beach. Ukishika kushoto unaingia Deep Lake, kulia Industrial Complex. Ngazi ya tatu ina Alpine, Snow Mountain na Cloudy Highland. Ya nne ina Castle Wall, Ghost Forest, Coniferous Forest na Desert. Ya tano ina miisho mitano: Tulip Garden, Metropolis, Ancient Ruins, Cape Way na Imperial Avenue. Kushoto ni rahisi, kulia ni kugumu, kwa hiyo anayeshika kushoto tu anaishia kwenye maua ya Tulip Garden na anayeshika kulia tu anaishia Imperial Avenue. Safari nzima ni dakika tano na ushee. Hakuna skrini ya kusubiri popote: mandhari yanabadilika huku ukiendesha, theluji inaisha na msitu unaanza bila kuondoa mguu kwenye mafuta.

Wanaoijua ya 1986 watakumbuka gari lake lilikuwa na gia mbili tu, Lo (ya chini) na Hi (ya juu), mwendo wa juu kabisa kilomita 293 kwa saa, na ukigonga kitu vibaya gari linabiringika, dereva na abiria wakarushwa nje. Kulikuwa na ujanja wa kuchezesha gia haraka kati ya Hi na Lo ili kupita kwenye majani pembeni ya barabara bila kupungua mwendo, na mabingwa waliutegemea. Mle kona ilikuwa suala la kupunguza au kutopunguza. OutRun 2 imeligeuza hilo.

Hebu tuitazame kona moja kwa karibu, maana bila hii mengine yote ni mapambo.

Unakuja kwa kasi ya juu, barabara inapinda kulia kwa muda mrefu. Kabla tu ya pindo, achia mafuta kwa kufumba na kufumbua. Gusa breki, usiikanyage, iguse tu. Wakati huohuo kata usukani kulia. Mkia ukishaachia na moshi wa matairi ukaonekana, rudi kwenye mafuta yote. Kuanzia hapo breki haina kazi tena mpaka kona iishe. Gari linakwenda ubavu, injini inalia, na mshale wa mwendo haushuki sana. Hapo ndipo gemu nyingi za magari zinapokuadhibu na hii inapokulipa. Usukani sasa haugeuzi gari, unapima pembe tu. Ukizidi kukata, pua inaingia ndani na utapanda ukingo. Ukirudisha kidogo, gari linajinyoosha na kusogea nje. Kwa hiyo kona ndefu inaendeshwa kwa kurekebisha kidogokidogo, kata, rudisha, kata, huku mafuta yakiwa yamekanyagwa muda wote.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kushikilia breki. Ukiishikilia zaidi ya mguso, mwendo unaporomoka na drifti, yaani kule kuserereka, haina faida yoyote. Ni bora ungepunguza kawaida. La pili ni kuchelewa kutoka. Ukisubiri kona iishe ndipo urudishe usukani, mkia unapiga upande wa pili na unajikuta ukiserereka kushoto kwenye barabara iliyonyooka. Dawa yake ni kuanza kurudisha usukani katikati wakati bado unaona kipande cha kona mbele yako. Inaonekana mapema mno mara ya kwanza, lakini gari linahitaji nafasi hiyo ili kutulia. La tatu ni kuserereka kila mahali. Mapindo mengi mepesi, hasa ya Palm Beach na Deep Lake, yanapitika kwa kuachia mafuta kidogo au bila hata hivyo, na kila drifti isiyo ya lazima ni sekunde imetupwa. Tena gari lililolala ubavu linachukua nafasi kubwa ya barabara, na magari ya watu hayakusubiri. Ukiona malori mawili yamepangana mlangoni mwa kona, chagua leni kwanza, serereka baadaye.

Kona za S ndizo tamu kuliko zote. Usinyooshe gari katikati. Ule mkia unaopiga upande wa pili, uliokuwa kosa kwenye barabara iliyonyooka, hapa ndio unaoutaka: uachie, kata usukani upande mpya, na drifti ya kulia inageuka ya kushoto bila breki kuguswa tena.

Anayetumia gia za mkono, ambazo ni sita, ana njia nyingine ya kuanzisha: kushusha gia wakati wa kukata usukani badala ya kugusa breki, kisha kuipandisha mara moja mkia ukishaachia. Ni haraka zaidi, ila ukisahau kupandisha, injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Jifunze kwanza kwa otomatiki.

Magari ya mashine ya kwanza, ile ya ukumbi wa gemu, ni manane, yote Ferrari: Dino 246 GTS, 365 GTS/4 Daytona, 288 GTO, F40, F50, Enzo Ferrari, 360 Spider na Testarossa. Ile Testarossa ya 1986 haikuwa na kibali cha Ferrari. Safari hii kibali kilikuwepo, magari yamechorwa kwa heshima zote, na kibali hichohicho ndicho kilichokuja kuiua gemu madukani, kama tutakavyoona. Usichague gari kwa sura peke yake. Lenye kasi ya juu sana na ushikaji mdogo linalipa mikononi mwa anayeijua njia. Kwa anayeanza, lenye kurudisha mwendo haraka baada ya kugonga litamfikisha mbali zaidi.

Mbali na safari ya kawaida na ya kushindana na saa, kuna Heart Attack Mode, ambamo abiria anatoa amri: ovateki magari mengi, serereka hapa, usiguse gari lolote, pita kwenye leni hii. Unakusanya mioyo na kila agizo linapewa alama, kutoka E mpaka AAA. Kimaudhui ni upuuzi, msichana kama zawadi ya dereva, na maneno yake yanachosha baada ya muda. Lakini kama darasa la uendeshaji halina mfano. Agizo la kuserereka linakulazimisha kushikilia drifti ndefu, la kutogusa magari linakufundisha kutazama mbali. Ukiweza kupata A mfululizo humo, safari ya kawaida itaonekana nyepesi.

Muziki unahitaji sentensi chache tu. Nyimbo zile tatu za Hiroshi Kawaguchi za 1986, yaani Magical Sound Shower, Passing Breeze na Splash Wave, zimerudi zikiwa zimepigwa upya, na kuna mpya kando yake. Waliopenda ya zamani hawatalalamika.

Sasa suala la toleo, ambalo ndilo linalowachanganya wengi, maana jina moja linabeba vitu vinne tofauti.

Mashine ya ukumbini ya 2003 ilitumia bodi iitwayo Chihiro, iliyojengwa kwa vifaa vya Xbox ya kwanza lakini ikiwa na megabaiti 128 za kumbukumbu, mara mbili ya 64 za konsoli ya nyumbani. Sumo Digital wa Sheffield, Uingereza, walipewa kazi ya kuipeleka Xbox mwaka 2004 na kuibana ndani ya nusu ya nafasi ile. Walifaulu kiasi kwamba macho ya kawaida hayaoni tofauti. Wakaongeza majukumu 101, wakaweka gemu nzima ya 1986 kama zawadi ya kufunguliwa, pamoja na barabara kutoka Scud Race na Daytona USA 2, gemu nyingine za magari za Sega. Gemu hiyo ya 1986 na barabara hizo pekee zinafanya diski ya Xbox iwe na thamani yake, kwa sababu hazimo kwenye matoleo yaliyofuata.

Baadaye mashine ikasasishwa kuwa OutRun 2 SP: hatua 15 mpya kabisa, zikianzia Sunny Beach, zenye Casino Town, Ice Scape, Jungle na nyinginezo, magari yakafika kumi kwa kuongezwa 250 GTO na 512 BB, na jambo moja la uendeshaji likaingia. Ukikaa nyuma ya gari lingine kwa karibu, upepo wake unakuvuta na mwendo unapanda juu ya kiwango chako cha kawaida. Mistari ya hewa inaonekana pande zote mbili za gari. Kaa humo mpaka karibu ugonge, kisha toka pembeni. Ukichelewa unagonga na unapoteza zaidi ya ulichopata. Jambo hili linabadilisha namna ya kutazama magari ya barabarani: kwenye toleo la kwanza ni vizuizi tu, kwenye SP ni ngazi ya kupandia.

OutRun 2006: Coast 2 Coast imekusanya yote mawili, hatua 15 za kwanza na 15 za SP, nyingine zikigeuzwa kinyume, kwa PlayStation 2, PSP, Xbox na kompyuta. Ndani yake kuna safari ya hatua zote 15 mfululizo bila kusimama, kipimo halisi cha anayejiita dereva. Kasoro yake ni ubahili. Magari, nyimbo na njia vimefungwa na vinanunuliwa kwa maili unazokusanya ukicheza, na majukumu ya kuzikusanyia yanajirudia kwa mavazi tofauti. Saa za mwanzo zinakwenda kwenye kutafuta maili wakati ulichotaka ni kuendesha. Kama unaweza kuvumilia, anza na nyimbo na hatua, magari yaje nyuma.

Ya nne ni OutRun Online Arcade ya 2009, iliyouzwa kwa mtandao tu kwenye Xbox 360 na PlayStation 3, yenye hatua 15 za SP na magari kumi. Kibali cha Ferrari kilipoisha iliondolewa, kwanza PlayStation mwaka 2010 kisha Xbox mwaka 2011. Aliyenunua wakati ule anayo, asiyenunua hana dirisha la kuinunulia. Coast 2 Coast ya kompyuta nayo iliondolewa Steam, duka la gemu la mtandaoni. Ndiyo maana leo kila ushauri kuhusu gemu hii unaishia kwenye diski iliyotumika. Kinachouzwa bado kwa njia ya kawaida ni ya 1986, kwenye Nintendo Switch chini ya Sega Ages tangu 2018, na imetengenezwa vizuri.

Nikiulizwa moja, nasema Coast 2 Coast ya kompyuta. Ila usiicheze kama ilivyotoka, ina matatizo mawili ya kweli. Kwanza, ni gemu ya 2006 na inasoma pedi kwa mfumo wa zamani wa DirectInput, ambao unaziona triga mbili za pedi ya Xbox, ya mafuta na ya breki, kama kitu kimoja. Ukikanyaga mafuta huku ukigusa breki, vinafutana na gari linabaki bila chochote, na ukikumbuka drifti inavyoanzishwa utaona hasara yake. Pili, kwenye skrini pana maandishi na mita zinavutika.

Yote mawili yanatibiwa na kiraka cha bure kinachoitwa OutRun2006Tweaks. Tengeneza nakala ya folda ya gemu kwanza. Fungua zipu ndani ya folda yenye OR2006C2C.exe na ukubali exe ya zamani ibadilishwe, maana kiraka hakifanyi kazi na ile iliyofungwa kwa ulinzi dhidi ya kunakiliwa. Kisha fungua OutRun2006Tweaks.ini kwa Notepad na upitie mipangilio mmoja mmoja. Maelezo yako juu ya kila mstari. Humo utaweka upimaji wa maandishi kwa skrini pana, mtetemo wa pedi na umbali wa kuonekana kwa vitu mbele ya barabara. Acha gemu ikimbie kwa fremu 60 kwa sekunde kama ilivyokusudiwa, tamaa ya zaidi ije ukishaona kila kitu kinafanya kazi. Wa Linux au Steam Deck waongeze WINEDLLOVERRIDES="dinput8=n,b" %command% kwenye amri ya kuanzishia, la sivyo kiraka kitapuuzwa kimyakimya na utadhani umekosea kuweka faili. Kibodi inawezekana, lakini kitufe cha mshale ni kukata usukani wote au kutokata kabisa, na kazi ile ya kupima pembe inageuka kupigapiga kidole. Pedi ya bei nafuu yenye kijiti inashinda kibodi yoyote.

Kwa PlayStation 2, ambayo bado ina maisha marefu kwenye vibanda na sebule za kwetu, Coast 2 Coast inakimbia vizuri, michoro ikiwa imepunguzwa ukilinganisha na Xbox. Hakikisha eneo la diski na la mashine yako vinalingana, kwa sababu PS2 isiyorekebishwa na fundi inakataa diski ya eneo lingine. UMD, diski ndogo za gemu za PSP, hazina kizuizi hicho, na toleo la PSP na la PS2 yanaweza kubadilishana data kwa waya wa USB.

Toleo la PSP ndilo pia linalowafikia wengi kupitia PPSSPP, programu inayoiga PSP, kwenye simu. Ukiwa na nakala yako ya UMD iliyogeuzwa kuwa faili la ISO au CSO, simu ya kawaida ya siku hizi inaimudu. Kwenye mipangilio ya michoro chagua Vulkan, weka rezolusheni mara mbili ya PSP, usiwashe kuruka fremu: fremu ikirukwa katikati ya drifti hujui pembe uliyonayo. Tatizo la simu ni kidole. Kijiti cha kuchorwa kwenye kioo hakina ukingo wa kuhisi, dole gumba linateleza nje yake na usukani unajirudisha katikati ya kona. PPSSPP inakuruhusu kuelekeza kijiti kwa kuinamisha simu, na kwa gemu hii njia hiyo ni bora kuliko kijiti cha kioo, ingawa S za haraka zitakuhangaisha. Pedi ya Bluetooth inamaliza ubishi.

Diski ya Xbox ya OutRun 2 inacheza pia kwenye Xbox 360 yenye diski kuu, si kwenye Xbox One wala zilizofuata, kwa hiyo usidanganywe na anayesema konsoli yoyote ya Xbox inafaa. Unaponunua iliyotumika, usiridhike na menyu kufunguka na gari kuondoka Palm Beach. Endesha mpaka njia panda ya kwanza, uende kulia, halafu ya pili, mpaka ufike mwisho mmojawapo. Diski iliyokwaruzika huonekana nzima mwanzoni na kukwama pale data ya hatua mpya inapohitajika: sauti inakatika, picha inaganda, na muuzaji anaanza kusema mashine yako ndiyo mbovu.